Sheshe wa Noela

Jumanne, 24 Septemba

Shemeji Sebastiani amekuja tena. Amekula wali wetu, amekunywa chai yetu, kisha akatangaza mbele ya mke wangu Konsolata kwamba Jumamosi atamchukua Noela kwa gari hadi Mikumi, akaone tembo na twiga kabla hajaenda bweni. Kwa gari! La kuazima, lakini hilo hakulisema.

Noela ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ana miaka kumi na tatu. Amemaliza mtihani wa darasa la saba juzi tu, na Jumapili anapanda basi kwenda shule ya masista huko juu Mahenge, kuanza prifomu wani, masomo ya kutangulia kidato cha kwanza. Nyumba itabaki kimya. Sitaki hata kulifikiria.

Noela akamshukuru mjomba wake vizuri, kwa adabu. Halafu akasema yeye hasa angependa kuona sheshe, yule swala mwekundu wa bonde letu la Kilombero, kwa sababu Baba alimwahidi. Ni kweli. Nilimwahidi akiwa chekechea. Nikamwahidi tena akiwa darasa la pili, na la tatu, na ile siku aliyong'olewa jino. Sijawahi kumpeleka. Akanigeukia, akatabasamu, akasema lakini haina shida, Baba.

Haina shida! Afadhali angelia. Mtoto anayenisamehe kabla sijakosa ananimaliza kabisa. Sitaki aondoke Jumapili akiwa bado ananisamehe.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba Alhamisi mimi na Noela tunaingia mtoni, tunalala huko huko, na Ijumaa tunarudi tukiwa tumeona sheshe. Sebastiani akacheka hadi chai ikamtoka puani. Akauliza kama naweza kutofautisha kasia na mwiko. Mimi! Nazari! Mndamba wa mtoni! Babu yangu alizaliwa ndani ya mtumbwi katikati ya mafuriko. (Mimi nilizaliwa hospitali na nikakulia nyuma ya soko la Ifakara. Lakini damu haipotei.)

Konsolata akauliza huo mtumbwi uko wapi. Nikasema upo. Kesho nitautafuta.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeupata! Tena si mtumbwi wa kawaida. Ni kayaki: chombo cha plastiki, chekundu, chembamba, chenye matundu mawili ya kukalia. Watafiti wa Ulaya walikiacha nyuma ya gesti anayofanyia kazi dada Edna. Kuku walikuwa wanataga ndani. Edna alitaka feni za vyumbani zitengenezwe. Mimi ni fundi redio, na feni ni redio isiyosema. Tukaelewana.

Nimefanya mazoezi uani. Nimekaa tunduni, nimepiga kasia hewani, kulia, kushoto, kulia. Kasia lenyewe lina bapa huku na huku, aliyelibuni sijui alikuwa na haraka gani. Jirani yetu Devota akapita na ndoo kichwani, akanisalimu, akauliza naelekea wapi. Nikasema ni mazoezi tu. Akanitakia safari njema kwa uso mkavu kabisa, akaingia kwake, akafunga mlango. Kicheko kilisikika mpaka mtaa wa pili.

Kutoka tunduni ikawa kazi. Makalio yaligoma. Konsolata alivuta mkono mmoja, Noela mwingine. Nikawaeleza kwamba chombo cha majini lazima kimbane mtu, ndiyo usalama wenyewe.

Sasa siri yangu, ambayo naiandika hapa tu. Sheshe hawaji kwa kuitwa. Mtu unaweza kupiga kasia kutwa nzima ukaona nyasi. Kwa hiyo nimekwenda kimyakimya Kivukoni kwa Mzee Valeriani, mvuvi, ambaye analijua bonde lote. Shikamoo, marahaba, habari za nyavu. Redio yake ina mwaka haisemi. Nikamwambia nitaitengeneza iimbe. Na yeye kesho atatangulia na mtumbwi wake, kama mtu anayekwenda zake kwenye nyavu, na popote atakapoona sheshe atanipa ishara. Mimi nitanusa hewa, nitanyamaza kidogo, kisha nitamwambia Noela: naona dalili ya sheshe. Na sheshe watakuwepo! Mtoto atashangaa maisha yake yote.

Ishara ilitusumbua. Kwanza tulipanga mluzi wa ndege. Mzee akajaribu, lakini meno ya mbele hayapo, akanilowesha shati. Mwishowe tukakubaliana neno moja tu, aliseme yeye mwenyewe au amtume mvuvi yeyote atakayekutana nasi. Neno ni "sheshe". Fupi, wazi, halina utata wowote. Najivunia.

Konsolata amefunga sufuria, unga, chumvi, kiberiti na turubai kwenye mfuko wa shangazi kaja, ameuweka mlangoni pamoja na mizigo ya shule. Mke mwema. Nalala mapema.

Alhamisi, 26 Septemba. Kisiwa cha mchanga, jua linazama

Naandika nikiwa hai, jambo ambalo asubuhi halikuwa na uhakika.

Konsolata alitusindikiza mpaka mtoni. Alikuja na madumu matupu ya mafuta ya kula na kamba za katani, akatufunga kifuani na mgongoni ili tusizame. Mimi madumu mawili, Noela manne. Kisha akamwagiza mmoja wetu amwangalie mwenzake vizuri. Aliyeagizwa ni Noela.

Wavuvi wa Kivukoni waliacha kazi kuja kutazama. Nikaingia tundu la mbele kwa heshima zote, nikashika kasia, nikatulia. Noela akaniuliza kwa upole kama tutasafiri kinyumenyume muda mrefu. Nilikuwa nimeketi nikitazama nyuma, uso kwa uso na yeye. Nikamwambia ndivyo Wandamba wa zamani walivyofanya, ili mzazi asimpoteze mtoto machoni. Akasema ni desturi nzuri. Kisha nikageuka, maana mzee mmoja ufukweni alikuwa ameanza kukohoa kwa kicheko.

Tulizunguka chini ya daraja kama watu waliopoteza pete. Watu wa juu darajani walipiga makofi. Halafu Noela, ambaye yuko nyuma na ndiye mwenye usukani, akaniomba niache kidogo kupiga kasia. Nikaacha. Kayaki ikanyooka, ikaenda. Nikamsifu kwa kufuata mafundisho yangu.

Lakini jamani, mto huu! Maji yamepungua, mchanga mweupe umejitokeza kila upande, matete yamefunga kingo. Korongo wamesimama kwa mguu mmoja, membe wanagombana hewani, mnandi anakausha mbawa zake juu ya mti mkavu. Noela anawajua wote kwa majina. Sijui amejifunzia wapi. Mimi nimeishi kilomita chache kutoka hapa miaka arobaini na tano, nikishikilia bisibisi. Kuna wakati nilisahau hata kuogopa.

Kisha nikaona gogo zuri kingoni, nikashauri tufunge kamba hapo tupumzike. Noela akasema gogo limefumbua jicho. Gogo likaingia majini. Hatukupumzika.

Mchana mvuvi mmoja akaja kwa kasi kutoka upande tunaokwenda, anahema, akatupigia kelele bila kusimama: huko konani kuna sheshe! Akapita.

Moyo ukaniruka. Mzee Valeriani huyo, hajaniangusha! Nikainua pua. Nikanusa hewa kulia, nikanusa kushoto. Nikamwambia Noela kwa sauti nzito kwamba naona dalili ya sheshe. Akasema hata yeye anaona, maana yule baba amesema. Nikasema mimi nilikuwa nimeshajua kabla yake. Tukapiga kasia kufa na kupona.

Konani hapakuwa na mnyama. Palikuwa na kambi ya wavuvi na vita. Wachuuzi wawili wa samaki walikuwa wanagombea kambale mmoja, mkubwa kama mtoto wa shule. Mmoja, mama wa Kivukoni aitwaye Mwanasha, ameshika kichwa. Mwenzake ameshika mkia. Kila mmoja anaapa yeye ndiye aliyetoa oda kwanza, tangu jana. Wavuvi wamegawanyika, nusu kwa Mwanasha, nusu kwa mkia. Matusi, vumbi, perege wanaruka hewani. Mmoja alinipata katikati ya paji la uso.

Kiswahili hiki nacho! Yule mvuvi angesema kuna sheshe wengi, ningejua ni wanyama. Angesema kuna sheshe kubwa, ningejua ni ugomvi, vurugu, watu wanavunjana. Akasema kuna sheshe, basi, akaondoka zake. Neno moja, na mimi nikaleta mwanangu katikati ya vita kwa mbio.

Nilikuwa najaribu kurudi nyuma kambale alipowateleza wote wawili. Akaruka. Akaingia kwenye tundu langu, juu ya mapaja yangu, akiwa hai na mwenye hasira. Sikumbuki nilichofanya. Noela anasema nilitaja watakatifu ambao hawamo kwenye kalenda. Kayaki ikapinduka, nikakaa chini ndani ya maji yaliyonifika kifuani, madumu yangu yakaelea mbele yangu.

Halafu Mwanasha akaanza kucheka. Mwenzake akacheka. Wakashikana mabega wakicheka. Ugomvi ukafia pale pale. Wakatuvuta nje, mfuko wetu wakaudaka kabla haujalowa, wakatukausha kwa khanga zao, wakakubaliana kumkata kambale nusu kwa nusu, na sisi wakatupa perege wawili, yule aliyenipiga akiwemo. Nadhani mimi ndiye niliyeleta amani, ingawa hakuna aliyelisema.

Jioni tukafika kisiwa hiki. Nikafungua mfuko. Mama Maria! Shangazi kaja zote zinafanana! Hamna sufuria, hamna unga, hamna turubai. Kuna shuka mbili mpya nyeupe za bweni, fagio, jembe lisilo na mpini, sabuni, rimu ya karatasi, na biskuti ambazo Konsolata alizificha chini kabisa zimfae mtoto siku za kwanza. Nimebeba mizigo ya shule.

Nikakaa mchangani. Noela akatazama vitu vyote, akacheka mpaka akalala chali. Kisha akavuka kwa kayaki peke yake hadi kambini kwa kina Mwanasha, pale ng'ambo, akarudi na kijinga cha moto ndani ya ndoo ya kuazima. Tumechoma perege bila chumvi. Tumekula biskuti za masista. Shuka tumezitundika juu ya makasia, hema limekuwa jeupe linang'aa kama altare ya Ekaristi. Naandika kwa kalamu yake ya shule.

Ameniuliza kama kesho tutawaona. Kabla sijajibu nikaona mdomo wake unaanza kutengeneza ile sentensi yake. Nikamwahi. Nikasema kesho lazima.

Ijumaa, 27 Septemba. Nyumbani

Kulipopambazuka nikachungulia nje ya shuka. Kati yetu na kayaki kulikuwa na kiboko.

Si masikio tu majini. Kiboko mzima, miguu minne, mgongo umepita paa la jiko letu, anakula nyasi taratibu kama mwenye shamba. Nikamnong'oneza Noela atulie, Baba yupo. Sauti iliyotoka haikuwa ya Baba, ilikuwa ya kifaranga. Nikasali Salamu Maria, nikajikuta katikati nimeingia kwenye sala ya kabla ya kula. Noela akaniwekea mkono mgongoni na kuuacha pale. Sijui nani alikuwa anamlinda nani. Najua tu kwamba ule mkono ulinisaidia.

Kiboko akainusa kayaki yetu. Akafikiri. Akaigeuzia mgongo, akachezesha kamkia kake huku na huku, akaipaka mavi kuanzia mbele hadi nyuma, nje na matunduni. Kisha akaingia mtoni bila haraka. Tumeiosha kwa fagio la bweni na sabuni ya bweni. Sabuni imekwisha.

Tukaondoka. Paji la uso bado linauma. Tukapita kwenye mfereji mwembamba, matete huku na huku. Ghafla, nyuma ya matete, sauti ya Mzee Valeriani: Sheshe! Sheshe hapo kulia!

Hapa nataka kuandika ukweli. Sikukumbuka ishara. Ishara niliyoipanga mwenyewe! Niliyojivunia! Kichwani mwangu kulikuwa na perege anayekuja, na wachuuzi, na kiboko mwenye kamkia. Nikasema moyoni, hawa sasa wanauana. Nikaisukuma kayaki kwenye matete, nikarukia topeni, nikamvuta Noela, nikamwambia alale chini. Nikajitupa kifudifudi na kujifunika shuka gubigubi.

Nikasikia mluzi. Mmoja, wa pili, wa tatu. Polisi, nikafikiri. Wameshafika. Nikazidi kujizamisha kwenye tope, nikaziba masikio, nikamwomba Mungu amwonee huruma mtoto wangu, ambaye hana kosa lolote isipokuwa baba yake.

Nilipoinua kichwa kulikuwa kimya. Nyasi ng'ambo ya mfereji zilikuwa bado zinatikisika. Noela hakuwa amelala. Alikuwa amesimama, mikono miwili mdomoni, machozi yanamtiririka.

Sheshe. Walitoka kwenye majani mabichi yaliyochipua pale nyasi zilipoungua, wakaja kunywa maji karibu yetu kiasi kwamba, anasema, alisikia wakitafuna. Wekundu kama udongo wa Mahenge. Dume mwenye pembe, majike nyuma yake, na kitoto kimoja ambacho bado kinanyonya, kinagonga kiwele cha mama yake kwa pua. Halafu walipotushtukia wakapiga mluzi. Kumbe sheshe hupiga mluzi! Mimi nilidhani ni polisi, nikaziba masikio.

Akaniuliza kama nimewaona. Uso wake ulikuwa unang'aa, jamani. Nikasema nimewaona. Nikasema wote, mpaka kile kitoto. Alitazama tope kwenye nyusi zangu, akatazama shuka, akanikumbatia. Sikuona hata mkia mmoja. Niliona alivyokuwa anaonekana akiwaona, na nilifurahi mno, na wakati huo huo nilitaka kujipiga kofi.

Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo. Mto unashuka. Kwenda tulishuka na maji, kurudi tunapanda. Tulipiga kasia mpaka mti mmoja uliokuwa mbele yetu ukawa nyuma, kisha ukarudi mbele. Mzee Valeriani akaja, akatufunga kamba, akatuvuta kama mbuzi wa mnada. Njiani akaniuliza kwa sauti kama ishara yake nilisikia vizuri. Nikapatwa na kikohozi kikali. Noela alikuwa anatazama ndege.

Kivukoni, Sebastiani anatusubiri, simu imeinuliwa, anapiga picha za video. Akauliza imekuwaje Mndamba anavutwa. Noela akamjibu haraka, shikamoo mjomba, mimi ndiye niliyechoka, Baba akakubali tufungwe kamba kwa ajili yangu.

Jumamosi, 28 Septemba

Konsolata amefua zile shuka mara tatu. Zilikuwa nyeupe, sasa zina rangi ya chai ya maziwa. Hajanisema kitu. Naogopa.

Sebastiani akaja mapema na gari, ameosha mpaka matairi. Noela akamwomba radhi, akasema amechoka, na tena alichotaka kuona ameshakiona, na leo angependa kukaa nyumbani na Baba. Sebastiani akaniangalia. Nikaangalia mawingu. Furaha yangu haiandikiki! Kisha nikamhurumia, nikamkaribisha chakula, ndilo kosa.

Maana mezani alitaka kusikia yote. Noela akasimulia. Akasema Baba alisikia dalili, akaingiza chombo kwenye matete bila mlio, akalala kifudifudi topeni na kujifunika shuka ili harufu ya binadamu isiwafikie wanyama. Akasema huo ni ujanja wa Wandamba wa zamani. Nikamsikiliza mtoto huyu kwa mshangao. Nilitikisa kichwa pale palipostahili. Nikaongeza kwamba lazima pumzi pia uibane.

Sebastiani si mjinga. Akauliza mtu aliyelala kifudifudi ndani ya shuka anaona kwa kutumia nini. Nikajimegea tonge kubwa la ugali. Noela hakupepesa hata jicho. Akasema shuka ilikuwa na tundu.

Macho yote yakahamia uani, kwenye kamba, shuka mbili zinakauka. Konsolata akainuka. Akasema tumalize kula kwanza, vitu vinapoa, shuka hazikimbii. Akatoka kwenda kuangalia moto, akarudishia mlango nyuma yake.

Tulipotoka nje baadaye, Sebastiani mbele, akazikagua shuka moja moja. Ile ya pili ilikuwa na tundu, duara safi, pale pa jicho. Akaaga. Akaondoka na gari lake safi.

Nikamkuta Konsolata jikoni, mkasi bado uko mkononi. Hakugeuka. Alisema tu kwamba hakutaka mtoto wetu aende kwa masista akionekana mwongo. Nimemwoa mwanamke huyu miaka kumi na sita, na bado sijui nilimpataje. Nimemwambia hivyo. Akasema nikanunue sabuni nyingine, na biskuti.

Jumapili, 29 Septemba

Ameondoka.

Stendi tulikuwa wote, hata Sebastiani, aliyebeba godoro lote peke yake. Niliandaa hotuba ya mzazi. Kuhusu masomo, kuhusu sala, kuhusu kuwachagua marafiki. Nilifika neno la kwanza, nikaishia kumhesabia mizigo upya.

Alipokaa dirishani akanishika mkono. Akanong'ona kwamba kinachomsikitisha ni yule dume, masikini, aliyevunjika pembe. Nikasema kweli, masikini, ile ya kushoto. Hata mimi iliniuma.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Akasema pembe zote zilikuwa nzima, Baba.

Alijua. Tangu pale topeni alijua. Akanibana vidole. Akasema hakuna baba wa rafiki yake hata mmoja ambaye angelala mtoni na kiboko kwa sababu ya swala, na kwamba mwaka huu wote hakuwa amecheka vile. Akasema wakati mwingine nifumbue macho. Basi likatoka.

Nililia, naandika wazi. Konsolata alilia. Sebastiani alilia kuliko sisi wote, mpaka makondakta wakamletea maji. Tukarudi nyumbani watatu, tukanywa chai, hakuna aliyemcheka mwenzake. Nyumba iko kimya kama nilivyoogopa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Simu kutoka Mahenge! Sista Bibiana, mlezi wa bweni. Nikajua malaria. Nikajua amefukuzwa. Nikakaa chini kabisa kabla ya kuitikia.

Noela mzima. Anakula, anasali, anaongoza hesabu. Ila, akasema Sista, kuna habari anataka kuzithibitisha. Noela amewaambia wasichana wa bweni lake kwamba baba yake ni bingwa wa mto Kilombero. Kwamba ana chombo chekundu kutoka Ulaya. Kwamba viboko humpisha njia. Kwamba aligundua njia ya kuwatazama sheshe kwa kupitia shuka, na shuka yenyewe ipo, wameiona, ina tundu, sasa mabinti wanne wameshatoboa shuka zao. Sista akauliza kama ni kweli.

Nilikuwa na nafasi. Nakiri. Kinywa changu kilifunguka kabisa kusema Sista, mtoto ana mapenzi tu, samehe. Huyu mtoto uongo ameurithi wapi? Nikasikia nyuma ya Sista kicheko ninachokijua, kikizibwa kwa kiganja.

Nikasema ni kweli, Sista. Tena mtoto amepunguza.

Sista akafurahi sana. Akasema basi Desemba, kabla ya mvua kubwa, angependa kuleta kundi zima la prifomu wani kwa ziara ya masomo, na masista watatu, mmoja wao mzee kidogo. Akauliza kama nina vyombo vya kutosha. Nikasema vipo. Kesho nitavitafuta.

Konsolata ameinamia mpunga anaopeta, mabega yanamtetemeka, sijui analia au anacheka. Sebastiani nimemwambia, na cha ajabu ameomba awe msaidizi. Nimemkubalia, atabeba masista. Jioni nimekwenda Kivukoni kwa Mzee Valeriani, shikamoo, marahaba, redio inaimba. Tumepanga kila kitu upya, kwa utulivu, kama watu waliojifunza. "Sheshe" tumeliondoa, neno lina maana mbili, ndilo lililoniharibia. Safari hii nimechagua neno la sifa tupu, ambalo watu hulitamka wakiona jambo safi kuliko yote, na hakuna Mtanzania atakayelielewa vibaya. Mzee akiwaona sheshe tu, wanafunzi wote wakiwa majini, atapaza sauti: Kiboko!